Mlo wa Sikukuu ya Mikaeli katika jiko la mwaka 1540: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wasomaji wa Kiswahili wanaotembelea makumbusho ya vijijini kusini mwa Uingereza wakati wa vuli, wakakuta bata bukini akizungushwa mbele ya moto na wakataka kujua kinachoendelea. Ni wa wale pia wanaofikiria kuandaa mlo wa namna hiyo wenyewe. Mfano ninaoutumia zaidi ni Weald & Downland Living Museum, kwenye kijiji cha Singleton, West Sussex, kwa sababu ndipo majengo, mashine ya kusaga na bustani za wakati huo vinapoonekana pamoja. Ratiba na tiketi waulize makumbusho wenyewe. Hapa sisi tunaoupika mlo huu tunazungumza chakula.

Sikukuu ya Mikaeli ni ipi hasa?

Ni tarehe 29 Septemba, siku ya Malaika Mkuu Mikaeli. Waanglikana wa Afrika Mashariki wanaijua kama sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote. Wakatoliki siku hiyo wanawaadhimisha Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli kwa pamoja. Somo lake ni lile la Ufunuo sura ya 12, vita vya mbinguni na joka kutupwa chini.

Ila kwa mkulima wa Kiingereza wa karne ya 16, siku hii haikuwa ya kanisani tu. Mwaka ulikuwa na siku nne za malipo: 25 Machi, 24 Juni, 29 Septemba na 25 Desemba. Ya Mikaeli ndiyo iliyokuwa na uzito wa pekee mashambani, kwa kuwa mavuno yameshaingia ghalani na mtu anaweza kuulizwa alichonacho. Kodi ya shamba ililipwa, msimamizi alifunga hesabu za mwaka mzima, na sehemu nyingi watumishi waliachana na bwana wa zamani wakaingia kwa mpya. Ukila mlo huu bila kujua hayo utaona ni nyama na mkate tu. Kumbe mezani walikaa watu waliotoka kulipa deni asubuhi ile, na wengine hawakujua mwaka ujao wangelala wapi.

Kwa nini bata bukini, si kondoo au kuku?

Kwa sababu ya mashina ya ngano. Baada ya mavuno, bata bukini waliachiwa shambani waokote punje zilizodondoka. Kwa wiki chache walinenepa bila mkulima kugharamia chakula chao, na ifikapo mwisho wa Septemba walikuwa kwenye ubora wao. Kuwalisha hadi majira ya baridi kungekuwa hasara. Basi mpangaji aliyekwenda kulipa kodi alimchukulia mwenye ardhi bata mmoja aliyenona, na aliyebaki na wa ziada alimchinja nyumbani.

Utasikia hadithi kwamba desturi hii ilianza mwaka 1588, eti Malkia Elizabeth I alikuwa akila bata bukini siku ya Mikaeli alipoletewa habari za kushindwa kwa meli za Hispania. Si kweli. Kuna makubaliano ya ardhi ya Herefordshire ya wakati wa mfalme Edward IV, zaidi ya miaka mia moja kabla, yanayomdai mpangaji bata bukini mmoja anayefaa kwa mlo wa bwana siku ya Mikaeli. Hadithi ya malkia ni tamu, lakini naomba tuache kuwapa wageni, maana inageuza desturi ya wakulima kuwa tukio la ikulu.

Kwa nini mmechagua mwaka 1540? Si mngesema tu “zamani”?

“Zamani” haipikiki. Ukishasema zamani, kila kitu kinaingia chunguni, na mwisho unapata mlo ambao haukuliwa na mtu yeyote wa wakati wowote.

Mwaka 1540 una sababu zake. Nyumba ya Bayleaf iliyopo Singleton ilijengwa Kent mwanzoni mwa karne ya 15, ikahamishwa ubao kwa ubao kulipokuwa kunachimbwa bwawa la Bough Beech miaka ya 1960. Imewekewa vyombo na samani kama ilivyoweza kuwa karibu na 1540, ikiwa na moto katikati ya sebule kuu na bila bomba la moshi. Jengo la pili kutoka eneo hilohilo ni Winkhurst. Kwa miaka mingi lilionyeshwa kama nyumba kamili ya mkulima mdogo. Baadaye mbao zake zilipochunguzwa upya ikaonekana lilikuwa limeungana na jengo kubwa zaidi, na kwamba yaelekea lilikuwa jiko. Leo ndilo jiko la makumbusho hayo la enzi za Tudor, ukoo wa kifalme wa Henry VIII.

Pia ni mwaka wenye joto lake. Henry VIII alikuwa ameshajitenga na Roma mwaka 1534. Mwaka 1536 sikukuu nyingi za msimu wa mavuno zilifutwa ili watu wasiache kazi shambani, na nyumba za watawa zilifungwa kati ya 1536 na 1540. Sikukuu ya Mikaeli ilibaki. Ilibaki hata katika kitabu cha sala cha 1549 na ipo mpaka leo. Mkulima wetu amelipa kodi kwa miaka mingi kwa abasia, yaani nyumba ya watawa, na ghafla anaipeleka kwa mwenye ardhi mpya. Bata ni yuleyule.

Jambo moja zaidi: 29 Septemba 1540 ilikuwa Jumatano. Kanisa lilikataza nyama Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo mwaka huo bata aliruhusiwa. Ungechagua 1542, siku hiyo iliangukia Ijumaa, na ingebidi upike samaki. Anayetaka kuandaa mlo wa kihistoria wa Kikristo aanze na kalenda, kisha ndiyo aende sokoni.

Tarehe ya leo ni sawa na tarehe ya wakati ule?

La. Uingereza ilihamia kalenda ya sasa mwaka 1752: baada ya tarehe 2 Septemba ikafuata tarehe 14. Katika karne ya 16 tofauti ilikuwa siku 10, kwa hiyo 29 Septemba 1540 kwa jua na hali ya hewa ni sawa na 9 Oktoba yetu. Ukivuna bustanini 29 Septemba ya sasa, matofaa (epo) ya kuiva mwishoni yanakuwa bado kidogo. Wanaoishi Uingereza wanaikuta athari ya mabadiliko hayo kila mwaka bila kujua, kwani mwaka wa kodi unaoanza 6 Aprili ni siku ya malipo ya 25 Machi iliyosukumwa mbele.

Ile simulizi kwamba blakberi, matunda meusi ya vichakani, zisichumwe baada ya sikukuu ya Mikaeli, kwa kuwa Shetani alipotupwa toka mbinguni aliangukia miiba yake akazilaani, ni maarufu sana na watoto wanaipenda. Ielezeni kama simulizi ya vijijini. Msiitie kinywani mwa mkulima wa 1540.

Mezani kuna nini?

Mkate kwanza, kwa sababu mkate ndio uliokuwa mlo na vingine vilikuwa kitoweo. Si mkate mweupe. Ni wa ngano na rai (nafaka jamii ya ngano) zilizopandwa pamoja katika shamba moja na kusagwa pamoja, mzito, wa rangi ya udongo, wenye uchachu. Unga mzuri kwa kazi hii ni wa mawe. Singleton wanao mtambo wa maji uliotoka Lurgashall, na mawe yake yanasaga mpaka leo. Chachu ni povu linaloenguliwa juu ya pombe inayochachuka.

Kisha chungu: njegere kavu zilizolowekwa usiku, kabichi, liki (jamii ya kitunguu), vitunguu, majani ya bustanini na konzi ya oti ya kushikisha. Chakula hiki kilikuwapo kila siku ya mwaka, sikukuu au si sikukuu. Wageni wengi hukipita wakimtazama bata, na mimi kila mara nawaambia waonje chunguni kwanza.

Bata bukini ndiye wa siku. Baada yake jibini, matofaa na pea, karanga za miti ya vichakani zilizookwa kidogo. Wenye uwezo waliongeza pai. Nyumba ya mkulima wa kati isingekuwa na zaidi ya hapo, na ukiona meza yenye tausi aliyerudishiwa manyoya yake, hiyo ni meza ya mtu mwingine.

Bata anaokwaje mbele ya moto?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoharibu.

Moto hauwi chini ya nyama. Unakuwa nyuma, na nyama inazunguka mbele yake, huku karai ikiwa chini kukinga mafuta. Mafuta ya bata yakidondokea makaa, moshi mweusi unapanda na ngozi inakuwa chungu isiyolika. Kuni ziwe kavu, za mwaloni au mti mwingine mgumu, na moto uwashwe saa moja kabla ili ukuta wa nyuma upate joto. Ukuta huo ndio unaofanya nusu ya kazi.

Toa kwanza mapande meupe ya mafuta yaliyo tumboni na uyaweke kando. Dunga ngozi chini ya mabawa na mapajani bila kufika kwenye nyama. Chuma kipite katikati ya uzito wake. Kikikosea hata vidole viwili, kila ukizungusha upande mzito unarudi chini wenyewe, na unaishia na bata aliyeungua mgongo na mbichi kifuani. Funga mabawa na miguu kwa kamba ya katani iliyolowekwa maji. Kisha zungusha polepole, bila kukimbia na bila kusimama. Baada ya nusu saa mafuta yanaanza kutiririka kama uzi, ngozi inakaza, na yule anayezungusha ameshaanza kugeuza uso pembeni kwa joto. Ndiyo sababu kazi hiyo ilipewa wavulana, na ndiyo sababu sisi tunapokezana.

Bata wa kilo 5 anataka kama saa tatu, kutegemea moto na upepo. Atalisha watu sita hadi wanane na si zaidi, kwa kuwa mifupa ni mikubwa na mafuta yanayeyuka.

Mchuzi wake ni upi?

Katika mapishi yaliyoandikwa na wapishi wa mfalme Richard II, karibu mwaka 1390, yumo bata bukini anayejazwa majani ya seji, parsili na hisopo, pamoja na kwinsi (tunda gumu na chachu, jamii ya tofaa), pea, vitunguu saumu na zabibu, kisha tundu linashonwa ili mafuta yasitoke. Akiiva, vilivyo tumboni vinatolewa, vinapondwa na kuchemshwa na divai na viungo, na kumwagiwa juu ya nyama. Hisopo ndiyo ile ya Zaburi ya 51 kwa jina; jikoni ni jani kali lenye harufu karibu na mnanaa, na kidogo tu kinatosha.

Hilo ni pishi la mfalme. Kwa mkulima tunapunguza: matofaa na pea badala ya kwinsi zote, vitunguu, seji, na maji machachu ya matofaa pori mahali pa divai. Au haradali peke yake iliyosagwa na siki, ambayo mtu yeyote aliweza kuipata. Ladha inayotafutwa ni uchachu wa kukata mafuta. 

Karafuu mnazotia ni za Zanzibar?

Swali hili huulizwa na Watanzania karibu wote, na ni swali zuri. Za siku hizi huenda zikawa za Zanzibar. Za 1540 haziwezi kuwa, kwa sababu mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Wakati wa Henry VIII karafuu zote duniani zilitoka visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Wareno walizipakia, wakazileta Lisbon kwa njia ya Bahari ya Hindi, zikauzwa Antwerp, ndipo zikavuka kuingia London. Meli zao za njia hiyo zilitia nanga kisiwa cha Msumbiji, kwa hiyo pwani yetu imo ndani ya chungu hiki, ila kama bandari.

Kwa mkulima, karafuu mbili au tatu zilikuwa za sikukuu. Pilipili manga aliimudu zaidi. Zafarani ilipandwa Uingereza kwenyewe, hasa Essex, ambako mji wa Saffron Walden ulipata jina lake.

Vitu gani visiingie jikoni kabisa?

Viazi, nyanya, mahindi, pilipili kali, vanila na maharage tunayoyazoea, maana yote asili yake ni Amerika na hayakuwa yamefika katika jiko la mkulima wa Kiingereza. Chai na kahawa pia bado. Karoti ziwepo, lakini za njano, nyeupe au zambarau. Sukari ilikuwapo kwa bei ya kutisha, basi tumia asali. Bata mzinga alikuwa ameanza kuonekana kwa matajiri, na si wa mlo huu.

Mnajuaje haya yote, ikiwa mkulima hakuandika?

Hakuandika mapishi, lakini aliandikiwa. Alipokufa, majirani waliorodhesha mali yake, na hapo utakuta chungu cha shaba, chuma cha kuokea, mapipa, hata nyama iliyokaushwa iliyoning'inia darini. Hesabu za mashamba makubwa zinataja idadi ya bata na bei. Kumbukumbu za mahakama za vijiji zinataja waliotozwa faini kwa kuuza pombe mbovu. Wachimbaji wa mambo ya kale wanapata mifupa na mbegu katika mashimo ya taka. Vitabu vya mapishi vinakuja mwisho, kwa sababu ni vya wakubwa.

Vipande hivyo havitoshi kujaza chungu. Kiasi cha chumvi, muda wa kuchemsha, nani alikatiwa paja na nani bawa, hayo tunayakadiria. Msimamo wangu ni kwamba makadirio yatajwe kwa sauti mbele ya mgeni. Anayeambiwa “hapa tunakisia, na sababu yetu ni hii” anaondoka na heshima zaidi kwa kazi hii kuliko aliyedanganywa kwamba kila kitu kimethibitishwa.

Watoto wa zamani walikunywa pombe?

Walikunywa, nyepesi. Kimea cha shayiri kilitiwa maji ya moto, na maji ya kwanza yalitoa pombe kali. Kimea hichohicho kikitiwa maji mara ya pili au ya tatu kilitoa kinywaji cha kila siku kisicho kikali, kizito kidogo na chenye ladha ya nafaka. Aliyekunywa togwa iliyoanza kuchachuka hatashangaa. Pombe yenye hopsi, maua machungu ya kuipa ladha, ilikuwa imeshaingia Kent kutoka ng'ambo, ila ile ya zamani isiyo na hopsi bado ilipendwa. Leo watoto tunawapa maji ya matofaa.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini?

Mkate, jibini, matunda na karanga mara nyingi hazina tatizo. Chungu cha njegere uliza kama kimetiwa mafuta ya nguruwe, kwani wakati ule ndiyo yaliyotumika sana. Mchuzi wa bata uliza kama una divai. Bata mwenyewe uliza alikochinjwa. Usione haya kuuliza, na mpishi asijibu kwa kubahatisha. Wenye mzio waulize pia: ngano, rai, shayiri, oti, haradali, karanga za miti na maziwa vyote vimo kwenye orodha ya vitu 14 ambavyo sheria ya Uingereza inataka mlaji aarifiwe.

Mnasali kabla ya kula?

Meza ya 1540 isiyo na sala ni nusu ya meza. Sala ilisemwa kabla na baada ya kula, mara nyingi kwa Kilatini, hata na wasiokielewa. Makumbusho si kanisa na hakuna anayelazimishwa kuitikia. Lakini kuiondoa sala ili kumridhisha kila mtu ni kuondoa sababu ya watu wale kuwa wamekaa pale. Tunaisema kwa utulivu na kwa heshima, na nimewaona wageni wasio na dini wakivua kofia.

Vyombo?

Sahani na mabakuli ya mbao, kijiko cha mbao au pembe. Kisu kila mtu anakuja na chake kiunoni. Uma hakuna. Mikono inanawishwa kwa birika na beseni mezani, jambo ambalo wageni kutoka pwani hawahitaji kufundishwa.

Ni salama kula nyama iliyookwa hivyo?

Ni salama ikipimwa. Pamoja na mapenzi yetu yote kwa karne ya 16, kipimajoto kinatumika: katikati ya paja ifike nyuzi 70 za Selsiasi kwa dakika mbili. Nyama mbichi ina meza yake na kisu chake. Makumbusho mengine hupika kwa maonyesho tu bila kuwapa wageni waonje, na si uchoyo.

Naweza kufanya nyumbani Arusha au Nakuru?

Unaweza. Bata wa kawaida atafaa ukikosa bukini, ila ni mdogo, basi kadiria saa moja na nusu na uwe na wawili. Moto wa nje wa kuni, ukuta wa matofali nyuma, chuma kinyoofu na karai. Matofaa ya Lushoto yanafaa sana kwa mchuzi yakiwa bado na uchachu. Rai ukikosa, tumia ngano isiyokobolewa. Na kama parokia yenu ina jina la Mikaeli, siku mnayo tayari.

Mabaki yanafanywa nini?

Hakitupwi kitu. Mafuta ya karai yanachujwa na kuhifadhiwa kwenye chungu cha udongo. Yalipakwa kwenye mkate, kwenye viatu vya ngozi na kwenye vifua vya watoto wenye kikohozi. Manyoya madogo yanajaza mito, marefu ya bawa yanachongwa kuwa kalamu au yanafungwa kwenye mishale. Mifupa inarudi chunguni na njegere siku ya pili. Mwaka 1540 siku hiyo ya pili ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo supu iliruhusiwa, lakini ilibidi iishe jioni ileile: Ijumaa na Jumamosi zilikuwa zinasubiri, na samaki wa chumvi alikuwa tayari kwenye maji.